Mtoto acheze, mzazi apumue: mwongozo kamili wa michezo na mapumziko mafupi kwa watoto wenye ulemavu

Ukiangalia ratiba ya wiki ya mtoto mwenye ulemavu utakuta kliniki, mazoezi ya viungo, mtaalamu wa kuongea, dawa za asubuhi na dawa za jioni. Kucheza hakumo. Na kukiwemo, kumeshageuzwa tiba: mpira anarushiwa ili anyooshe mkono, rangi anapewa ili akaze vidole. Watoto wanaijua tofauti. Mpira wa tiba hauna goli.

Hapa tutashughulikia mambo mawili ambayo wengi huyapanga kila moja peke yake: mtoto kutoka kwenda kufurahi, na mzazi kupata saa kadhaa za kupumzika. Kwa maoni yangu huo ni mpango mmoja. Shughuli ambayo inahitaji mama awepo kila dakika ni nzuri kwa mtoto, lakini mama anarudi amechoka kuliko alivyoondoka, na baada ya mara mbili tatu safari zinakoma.

Kabla hatujaanza, kuna namba mbili za kukumbuka. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 31, unatambua haki ya kila mtoto ya kupumzika na kucheza. Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, kifungu cha 30, unazitaka nchi zihakikishe watoto wenye ulemavu wanashiriki michezo na burudani sawa na wenzao, ikiwemo ya shuleni. Zitakufaa siku mwalimu atakapokwambia kwamba kwenye ziara ya darasa mwanao ni bora abaki nyumbani "kwa usalama wake".

Hatua ya 1: Mchunguze mtoto kwa wiki moja

Chukua daftari. Kwa siku saba andika vitu vinne tu: kilichomchekesha, kilichomtuliza, kilichomkera, na saa alizokuwa na nguvu. Usiandike ugonjwa wake. Huo unaujua tayari.

Utashangaa daftari linavyokuonyesha njia. Mtoto anayekodolea macho feni ikizunguka anaweza kupenda vishada, gurudumu la maji, au baiskeli iliyopinduliwa. Anayetupa kila kitu chini kutoka kitini kwake ana mchezo tayari. Mwekee ndoo ya bati chini ili kila kitu kianguke kwa kishindo, kisha sogeza ndoo. Kuhusu saa za nguvu, kumbuka kwamba dawa nyingi za kifafa huleta usingizi. Kama mwanao husinzia baada ya dozi ya asubuhi, safari ya asubuhi itamchosha yeye na itakuvunja moyo wewe.

Kwa mtoto asiyezungumza, ongeza kitu cha tano: anaonyeshaje "ndiyo", "tena" na "basi". Hilo la tatu ndilo zito. Kugeuza uso, kukakamaza mgongo, kufumba macho, kuuma mkono, kila mtoto ana "basi" yake. Kama watu watakaokuwa naye hawaijui, hawatajua mchezo umekwisha saa ngapi.

Hatua ya 2: Andika ukurasa mmoja

Mmoja tu. Faili la hospitali halisomwi na kijana wa kujitolea anayeshughulika na watoto wanane. Juu kabisa andika jina analopenda kuitwa na vitu viwili anavyovipenda sana, kwa sababu mtu anayeanza kusoma kwa "kifafa, mtindio wa ubongo, hamezi vizuri" huanza kumwogopa mtoto kabla hajamsalimia.

Chini ya hapo: anawasilianaje, anakula na kunywa vipi, amekaa wima kiasi gani, chakula kilainishwe namna gani, choo, anabebwaje na sehemu gani isishikwe, kinachomtisha na kinachomtuliza. Kisha dawa, dozi na saa. Mwisho dharura, kwa maneno ya amri: "Degedege likianza, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, angalia saa. Likipita dakika 5, mpe dawa hii na piga simu ya dharura." Dakika tano ndicho kipimo cha kawaida, lakini kama daktari wa mtoto amekupa kingine, andika hicho. Namba za simu ziwe mbili, na moja isiwe yako. Ukilala kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitatu, huenda usiisikie simu.

Hatua ya 3: Chagua shughuli

Nitakaa kwenye maji muda mrefu kuliko kwingine, kwa kuwa ndiko watoto wengi wenye ulemavu wa viungo hupata kitu wasichokipata nchi kavu: mwili usio na uzito. Mtoto ambaye hajawahi kusimama peke yake anaweza kusimama maji yakimfika kifuani. Mwaka 1949 mhandisi James McMillan alianza kuwafundisha kuogelea wasichana wa shule ya Halliwick, London, na njia yake, inayoitwa kwa jina la shule hiyo, inatumika hadi leo. Misingi yake ni rahisi kueleza. Kila mtoto ana mtu wake mmoja majini. Hakuna maboya ya mikononi wala ya kiunoni, maana boya huuweka mwili vibaya na humnyima mtoto nafasi ya kujifunza kujiweka sawa mwenyewe. Na kabla ya yote anafundishwa kupuliza hewa uso unapokaribia maji, mpaka iwe mazoea. Ukimpata mwalimu aliyefunzwa njia hii, mshike.

Joto la maji lina maana sana. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo na misuli iliyokaza hukaza zaidi kwenye maji ya baridi; mabwawa ya tiba huwa na nyuzi kama 33 hadi 36 za Selsiasi. Kwenye bwawa la kawaida, anza na dakika kumi na umtoe kabla midomo haijaanza kutetemeka. Mtoto mwenye kifafa aogelee akiwa na mtu mzima wa kumtazama yeye peke yake, anayejua degedege lake linavyoonekana. Mwokoaji wa bwawa hatoshi, kwa sababu degedege majini halina kelele wala kurusha mikono. Mwenye mgongo wazi (aliyezaliwa na uti wa mgongo usiojifunga vizuri) asiyehisi miguu avae viatu vya maji, kwani sakafu ya bwawa humchubua bila yeye kujua. Mwenye mrija wa kupumulia shingoni asiingie mahali maji yanapoweza kufika kwenye tundu. Kiziwi anayevua shimesikio, kile kifaa cha kumsaidia kusikia, kabla ya kuingia hasikii hata wewe ukipiga kelele, kwa hiyo kubalianeni ishara za mikono mkiwa bado ukingoni. Na mtoto mwenye usonji anayependa maji kupita kiasi ni wa kuangaliwa zaidi nje ya bwawa kuliko ndani: huvutwa na dimbwi, mto, tangi, popote.

Michezo ya mpira ipo iliyotungwa tangu mwanzo kwa ajili ya watu wenye ulemavu, na hiyo haihitaji kurekebishwa. Bocha ni mmojawapo. Unarusha mipira laini, kila mmoja wa gramu 275 hivi, ili isimame karibu na mpira mweupe. Upande mmoja una sita myekundu, mwingine sita ya bluu. Asiyeweza kurusha hutumia mfereji wa mteremko na msaidizi anayeuelekeza kwa maagizo yake, na sheria inamtaka msaidizi huyo aupe uwanja mgongo ili asimchezee mwenzake. Napenda sana sheria hiyo. Laiti ingewekwa ukutani katika kila nyumba yenye mtoto anayesaidiwa. Bocha imo kwenye Paralimpiki tangu 1984, lakini nyumbani unahitaji tu vifuko vya nguo vilivyojazwa mbegu na bomba pana lililopasuliwa katikati.

Mpira wa goli ulibuniwa mwaka 1946 kwa ajili ya askari waliopoteza macho vitani. Timu ina watu watatu, mpira una kengele ndani, na watazamaji wanatakiwa wanyamaze. Kila mchezaji hufungwa macho, hata anayeona kidogo. Hapo ndipo utamu ulipo kwa ndugu: mwekee kaka mtu kitambaa usoni, uone nani anamfundisha nani.

Kwa watoto wenye ulemavu wa akili, ulizia kama Special Olympics, shirika la michezo kwa ajili yao, ina tawi karibu nawe. Ilianza Chicago mwaka 1968 chini ya mwanzilishi wake, Eunice Kennedy Shriver. Mashindano huanzia miaka 8, na wa miaka 2 hadi 7 wana mpango wao wa kucheza na kujifunza mwendo. Wana pia timu za mchanganyiko, wenye ulemavu wa akili na wasio nao wakivaa jezi moja.

Uwanja wa bembea na michezo ya kurukaruka una mitego midogo ambayo watu hawaambiwi. Mtelezo wa plastiki huzalisha umeme tuli, na mtoto aliyepandikizwa kifaa cha kusikia ndani ya sikio avue kile kipande cha nje kwanza. Mtelezo wa chuma uliokaa juani humuunguza asiyehisi mapaja. Pitisha kiganja chako kabla hajakaa. Mtoto mwenye sindromu ya Down apimwe shingo na daktari kabla ya trampolini, kubingirika kichwa chini au kupiga mbizi, kwa kuwa baadhi yao wana ulegevu kwenye pingili za juu. Na watoto wenye mgongo wazi wengi wana mzio wa mpira wa asili: maputo ya sherehe, kofia za kuogelea, glavu. Ukialikwa kwenye sherehe ya kuzaliwa, uliza habari za maputo kabla ya kuuliza habari za keki.

Mtoto mwenye ualbino acheze asubuhi na jioni. Kati ya saa nne na saa kumi jua ni kali mno. Kofia pana, mikono mirefu, krimu yenye kinga ya 30 au zaidi inayopakwa tena kila saa mbili.

Kwa watoto wenye ulemavu mzito sana, wasioshika wala kukaa, mara nyingi watu husema "huyu hachezi". Waholanzi katika miaka ya 1970 walianza kuandaa vyumba vya mwanga hafifu, sauti za chini, harufu na vitu vya kugusa kwa ajili ya watu wa namna hiyo. Nyumbani unaweza kutengeneza chako: shuka juu ya meza, tochi, kitambaa cha hariri, chupa ya maji yenye vipande vinavyometameta. Lala humo pamoja naye. Kitu kimoja kwa wakati mmoja, na subiri jibu lake, ambalo linaweza kuchukua nusu dakika kufika.

Hatua ya 4: Kagua mahali kabla ya siku

Usiulize kwa simu, "Je, mnapokea watoto wenye ulemavu?" Kila mtu atajibu ndiyo. Uliza vitu vinavyopimika. Mlango wa choo una upana gani? Viti mwendo vingi vinahitaji angalau sentimita 80 na nafasi ya mita moja na nusu ya kugeuka. Pana ngazi ngapi? Kila sentimita moja ya kupanda inataka sentimita 12 za mteremko, hivyo ngazi moja ya sentimita 15 inataka ubao wa mita 1.8, ukisikia "tuna kamteremko kadogo" ujue ni kilima. Ardhini kuna nini, maana changarawe na mchanga hula magurudumu ya mbele. Mtoto mkubwa anayevaa nepi atabadilishwa wapi? Swali hili huwanyamazisha wengi, na wakinyamaza umeshajua kwamba utabeba mkeka.

Kwa mtoto anayekimbia ovyo uliza habari za uzio na lango, na ni nani husimama langoni. Kwa anayeumizwa na kelele uliza saa ambayo watu ni wachache zaidi na kona ya kutulia. Ukiweza, nenda mwenyewe kwanza, saa ileile na siku ileile ya wiki utakayompeleka. Bustani iliyo kimya Jumanne haifanani na ya Jumapili.

Zipo sehemu zilizojengwa kwa ajili hii. Bustani ya Morgan's Wonderland kule San Antonio, Texas, iliyofunguliwa 2010, ina hadi bembea inayobeba mtoto pamoja na kiti mwendo chake. Wengi wetu hatutafika huko, lakini picha zake ni nzuri kumwonyesha fundi seremala au mwenyekiti wa kamati ya shule anayesema haiwezekani.

Hatua ya 5: Mwandae mtoto

Watoto wengi, hasa wenye usonji, hawachukii mahali papya. Wanachukia kutojua kitakachofuata. Piga picha ulipokwenda kukagua: lango, choo, bwawa, gari la kurudi. Zipange kwa mfuatano, uandike sentensi fupi chini ya kila moja. Mwalimu wa Marekani Carol Gray alianza kutumia hadithi fupi za aina hii mwaka 1991. Msomee kila jioni kwa siku tatu nne. Hakikisha picha ya mwisho ni ya nyumbani.

Safari ya kwanza iwe dakika ishirini. Najua umevuka mji mzima, na mtoto ndiyo kwanza anacheka. Ondokeni hivyohivyo. Mtoto anayetolewa akiwa na hamu atakubali kurudi. Anayetolewa akilia kwa uchovu atakumbuka kilio.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Begi: ukurasa wa mtoto, dawa za siku hiyo na dozi moja ya akiba, nguo mbili za kubadilisha (ya pili ni yako), vifunika masikio, kitu kimoja cha nyumbani chenye harufu ya nyumbani, mkeka, maji, na betri au chaja ya kifaa chochote anachotegemea.

Gawana zamu za kumtazama kwa maneno ya wazi: "Mimi mpaka saa tano, halafu wewe." Palipo na watu wazima sita wanaomtazama mtoto kwa pamoja, kila mmoja hudhani mwenzake anaona. Anayekaa kwenye kiti mwendo ainuliwe au ahamishwe uzito walau kila nusu saa, na jioni ukimwogesha angalia makalio na visigino kama pana wekundu usiofifia.

Watu watawakodolea macho. Jiandae na sentensi moja fupi, usiitunge papo hapo ukiwa na hasira. Kwa watoto wanaouliza, jibu kweli: "Miguu yake haina nguvu, ndiyo maana anatumia kiti. Unataka kumsukuma?" Kwa watu wazima wanaotoa pole au maombezi bila kuombwa, "Ahsante, tunacheza" inatosha.

Hatua ya 7: Mapumziko ya mzazi

Mapumziko mafupi ni muda ambao mtu mwingine unayemwamini anamtunza mtoto nawe unaachiwa. Yanaweza kuwa saa mbili nyumbani kwako, siku nzima kwenye klabu ya likizo, usiku mmoja kwa familia iliyofunzwa, au wiki ya kambi. Kwa watoto wenye magonjwa yanayofupisha maisha kuna nyumba maalumu. Ya kwanza duniani kwa watoto, Helen House, ilifunguliwa Oxford mwaka 1982, ikizaliwa kutokana na urafiki wa mtawa mmoja na familia iliyokuwa ikimtunza binti yao mgonjwa.

Wazazi wengi huomba msaada wakiwa wameshaanguka. Kanuni zilizoanza kutumika England mwezi Aprili 2011 zinazitaka halmashauri zisiwafikirie tu wale ambao bila mapumziko hawataweza kuendelea, bali pia wale ambao wangemtunza mtoto vizuri zaidi wakipata nafasi ya kusoma, kujiburudisha au kukaa na watoto wao wengine. Hata kama nchi yako haina kanuni kama hiyo, jipimie kwa kipimo hicho.

Pasipo na huduma rasmi, tafuta familia moja yenye mtoto mwenye hali inayokaribiana na ya mwanao, mbadilishane. Kwanza tembeleaneni wote. Kisha mama yule amlishe na kumbadilisha mwanao wewe ukiwepo, umenyamaza (hili la kunyamaza ni gumu). Kisha uende dukani nusu saa. Kisha nusu siku. Usiku uje mwisho kabisa. Kuruka ngazi hizi ndiko kunakofanya mtoto alie usiku kucha na mzazi aape kutorudia.

Kwenye kituo au kambi, uliza maswali makavu bila kuona haya. Wafanyakazi wanachunguzwa vipi kabla ya kuajiriwa? Nani humwogesha mtoto na kumbadilisha, na kuna mtu wa pili karibu? Naweza kuja bila taarifa? Wakikataa hilo la mwisho, chukua begi lako. Mtoto asiyeweza kusimulia yaliyompata yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kudhulumiwa, kwa hiyo akirudi mtazame: ameanza kukataa kuvuliwa nguo, amerudia kukojoa kitandani, anashtuka akiguswa? Mfundishe mapema majina ya sehemu zote za mwili, kwa maneno, kwa lugha ya alama au kwa picha. Wengi hawana picha hizo kwenye kadi zao za mawasiliano, na asiye na neno hawezi kushtaki.

Na zile saa ulizopata, usifue nguo. Lala. Au mchukue yule mtoto wako mwingine, ambaye huambiwa kila siku "subiri kidogo", umuulize yeye anataka kwenda wapi.

Hatua ya 8: Mkisharudi

Jioni ileile, kabla hujasahau, ongeza mistari mitatu kwenye lile daftari: alicheka wapi, aliomba "basi" saa ngapi, nani alimwelewa haraka. Jina la huyo wa mwisho lizungushie duara. Kama siku iliharibika, badilisha kitu kimoja tu mara ijayo, saa au mahali au mtu. Ukibadilisha vyote hutajua kilichosaidia. Kisha weka tarehe ya kurudi kabla hujalifungua begi, maana kesho asubuhi kuna kliniki, na ratiba itajaa tena.